Swali la binti wa Kidato cha Sita lililoninyima usingizi

Najua nimepotea karibu miezi miwili na wengine mlishaanza kunong'onezana kwamba nimedisko. Sijadisko jamani, nilikuwa TP! Mwaka huu nilipangiwa mkoa wa Njombe, sekondari moja huko juu kwenye baridi, nikafundisha Biolojia Kidato cha Tano na cha Sita. Baridi ya Njombe mwezi wa saba sio ya mchezo. Mimi mtoto wa Dar nilikuwa nalala na soksi, sweta na mtandio kichwani, asubuhi chaki inanitetemeka mkononi, wanafunzi wanacheka. Lakini leo sitaki kuwasimulia baridi. Nataka kuwasimulia swali moja, jibu moja la uongo, na historia ndefu niliyolazimika kuisoma ili niufute huo uongo.

Ilikuwa wiki yangu ya pili. Nilikuwa kwenye mada ya uratibu, kipindi cha homoni, najiona nimeiva kwelikweli. Nimechora tezi zote ubaoni, nimeandika kazi ya kila homoni, darasa limetulia. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili, maana swali la kweli halisubiri Kiingereza: "Madam, ukishtuka, adrenalini inafanya moyo uende mbio palepale. Lakini mama yangu mdogo alikatwa rovu hospitali, anameza vidonge vya homoni kila asubuhi, na alikaa wiki nyingi ndiyo akaanza kupata nguvu. Kwa nini homoni moja inafanya kazi kwa sekunde na nyingine kwa wiki?"

Jamani, sikujua. Na badala ya kusema "sijui, nitakwenda kusoma," nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua. Nikasema homoni ya thairoidi inaingia ndani ya vimeng'enya vya seli na kuvisukuma vichome chakula haraka, ila vimeng'enya vinachukua muda "kuzoea". Kuzoea! Yule binti akaandika kwenye daftari, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ule mstari mwekundu ndio ulioninyima usingizi.

Jumamosi nikaenda kwa bibi mzaa mama, maana kijiji chake si mbali na ile shule. Bibi yangu ana rovu. Tangu niko mdogo nilikuwa naliona shingoni kwake, kubwa kama chungwa, na sikuwahi kuuliza. Kwao watu walisema linatokana na kubeba mizigo mizito kichwani, wengine wakasema ni mambo ya ukoo. Na kuna mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa bibi, ambaye hakuwahi kusikia wala kusema, na akili yake ilibaki ya mtoto mpaka alipofariki. Hilo nyumbani halizungumzwi. Usiku ule nikiota moto jikoni nikawa namwangalia bibi shingoni, nikajua kwamba swali la yule binti halikuwa la darasani tu. Niliporudi shuleni nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, kwa simu yenye mtandao wa kusuasua. Niliyoyapata ni haya.

Hadithi inaanzia mbali. Mwaka 1849 huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold alichukua majogoo sita wachanga, akawahasi. Jogoo aliyehasiwa hawiki vizuri, hapigani, na kilemba chake kinasinyaa. Lakini wale aliowarudishia korodani tumboni, mahali ambapo si pake na mishipa ya fahamu imekatwa, walikua majogoo kamili. Maana yake kuna kitu kilikuwa kinatoka kwenye korodani na kusafiri kwa damu. Kitu gani? Hakuna aliyejua. Hata jina halikuwepo. Neno "homoni" lilikuja kutumiwa na Ernest Starling wa London mwaka 1905, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kuchochea.

Kabla hata jina halijapatikana, tezi ya shingo ilikuwa imeshaponya watu. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alikuwa na mgonjwa, mama wa miaka 46, uso umevimba, ngozi kavu, anaongea polepole, anasikia baridi muda wote. Tezi yake ilikuwa imekufa. Murray akachukua tezi za kondoo, akakamua maji yake, akamchoma sindano. Yule mama akapata nafuu na akaishi miaka 28 zaidi. Lakini angalieni, nafuu yenyewe ilikuja kwa wiki na miezi, siyo kwa dakika. Tangu mwanzo kabisa ule ucheleweshaji aliouuliza binti wangu ulikuwa unaonekana, ila hakuna aliyeuona kuwa ni swali.

Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann akagundua kwamba ndani ya tezi hiyo kuna ayodini, haya ndiyo tunayoyaita madini joto. Inasemekana mwenyewe hakuamini alipoyaona kwa mara ya kwanza, maana hakuna aliyetegemea kwamba mwili wa mnyama unayahifadhi. Halafu mwaka 1912 J. F. Gudernatsch akafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Aliwalisha viluwiluwi tezi ya farasi. Viluwiluwi wakageuka vyura kabla ya wakati wao, vyura vidogo ajabu! Walikuwa hawajafikia ukubwa, lakini mkia umeshapotea na miguu imeota. Sasa fikirini wenyewe. Kama kazi ya homoni hii ni kuchochea tu moto wa mwili uwake zaidi, mbona imeotesha miguu? Kuota mguu ni kujenga kitu kipya ambacho hakikuwepo. Hapo jibu langu la darasani lilianza kunikwama kooni.

Sasa anaingia mtu anayeshika pande zote mbili za hadithi hii, Edward Kendall, mkemia wa Mayo Clinic, Rochester, Minnesota. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914 alipata fuwele safi za homoni ya thairoidi, ile inayoitwa thairoksini. Kukusanya gramu 33 tu za dawa hiyo alihitaji karibu tani 3 za tezi za nguruwe! Baadaye ikajulikana kwamba thairoksini ina atomi nne za ayodini, na mwaka 1952 Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers wa London wakapata dada yake yenye atomi tatu, inayoitwa T3, ambayo ina nguvu zaidi. Mwili huichukua ile ya nne, huondoa ayodini moja, na kupata T3. Kwa hiyo bila madini joto hakuna homoni, nukta. Ubongo ukiona homoni haitoshi unaipigia tezi kelele itengeneze zaidi. Tezi nayo, haina malighafi, inachoweza ni kukua tu. Huko kukua ndiko rovu. Si kubeba kuni.

Kendall hakuishia hapo. Miaka ya 1930 alihamia kwenye tezi ndogo zilizo juu ya figo. Huko wanatengeneza homoni za aina nyingine kabisa, steroidi, zinazotokana na kolesteroli. Yeye Marekani na Tadeus Reichstein huko Uswisi wakazichambua moja moja. Septemba 1948 daktari mwenzake, Philip Hench, akampa mmojawapo wa michanganyiko hiyo mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa na baridi yabisi kali, hawezi hata kugeuka kitandani. Baada ya siku chache akatembea, akaenda mjini kufanya manunuzi. Dawa ile ikaitwa kotisoni, na mwaka 1950 Kendall, Hench na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hapa naomba nisimame kidogo maana sisi tumo kwenye hii hadithi. Kotisoni ilikuwa ghali ajabu, inatengenezwa kutokana na nyongo za ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30. Dunia nzima ikaanza kutafuta mmea wenye kitu kinachofanana na steroidi. Mexico walikuwa na viazi vyao vikuu vya porini. Na Waingereza? Kampuni ya Glaxo ilitumia hekojenini, inayopatikana kwenye maji ya mkonge yanayomwagwa baada ya kukamua nyuzi, na mkonge wenyewe ulitoka Afrika Mashariki. Mkonge ule ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893: viliagizwa vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, vikapandwa karibu na Pangani. Watu wa Tanga wenzangu, kumbe yale maji yanayonuka ya mashambani yaliwahi kuwa dawa. Hakuna kitabu changu cha sekondari kilichoniambia hilo.

Haya, turudi kwenye swali. Miaka ya 1950 homoni zimeshajulikana, zinauzwa dukani, zinaponya. Lakini zinafanyaje kazi ndani ya seli? Wengi wa wakati huo waliamini kwamba steroidi kama estrojeni hujiunga na vimeng'enya, hubadilishwa kikemia huko, na katika kubadilishwa huko ndiko hufanya kazi. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu usiku wa manane. Jibu langu la darasani lilikuwa jamaa wa karibu wa jibu la maprofesa wa miaka ya 1950! Nilichokosa ni miaka sabini tu, hahaha.

Aliyelibomoa ni Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na mwenzake Herbert Jacobson. Walitengeneza estrojeni iliyotiwa haidrojeni yenye mionzi, wakawapa panya jike wachanga kiasi kidogo mno, kinacholingana na kile cha mwilini, halafu wakafuata ule mionzi unaishia wapi. Damu na misuli iliipokea na kuiachia. Mfuko wa uzazi ukaikamata na kuing'ang'ania. Na la muhimu kuliko yote, homoni iliyokamatwa haikuwa imebadilishwa hata kidogo. Haikuliwa wala kuchomwa. Kwa hiyo siyo kuni za kutia jikoni, ni ujumbe. Na lazima kuwe na mpokeaji ndani ya seli, protini ambayo leo tunaiita kipokezi. Jensen alipokwenda kuyaeleza hayo kwenye kongamano la Vienna mwaka 1958, walimsikiliza watu watano, na watatu kati yao walikuwa wasemaji wenzake wa kikao hicho. Siku ukisimama mbele ya darasa tupu, mkumbuke Jensen.

Lakini mpokeaji akishapokea anapeleka ujumbe wapi? Jibu lilitoka kwa mdudu. Kuna kijidudu kinaitwa Chironomus, kinafanana na mbu ila hakiumi. Buu lake lina kromosomu kubwa ajabu kwenye tezi za mate, unaziona vizuri kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 1954 Adolf Butenandt na Peter Karlson walikuwa wameshapata homoni inayowafanya wadudu wajivue ngozi, ekdisoni, ambayo nayo ni steroidi: miligramu 25 kutoka kilo 500 za mabundo ya nondo wa hariri. Mwaka 1960 Ulrich Clever na Karlson wakawachoma mabuu sindano ya ekdisoni. Chini ya saa moja, sehemu maalumu za kromosomu zikavimba kama andazi kwenye mafuta. Na pale palipovimba ndipo jeni inaposomwa, RNA inatengenezwa. Kwa mara ya kwanza binadamu aliona kwa macho yake homoni ikifungua jeni. Steroidi haisukumi kimeng'enya. Inakwenda hadi kwenye kiini cha seli na kuamuru ukurasa fulani usomwe.

Na homoni ya thairoidi je, ile ya mama mdogo wa binti wangu? Hiyo siyo steroidi, imetokana na asidi amino, kwa hiyo wengi hawakuiweka kundi moja. Hapa ndipo anapokuja Jamshed Tata, mwanasayansi mwenye asili ya India aliyefanya kazi London. Miaka ya 1960 aliwatoa panya tezi, akawapa T3 dozi moja, kisha akakaa na saa mkononi. Kwanza, baada ya saa kadhaa, RNA mpya inaongezeka kwenye kiini. Baadaye protini mpya zinafuata. Mwisho kabisa, siku moja au zaidi imeshapita, ndipo mwili unaanza kuchoma chakula kwa kasi. Na ukimpa panya dawa inayozuia RNA kutengenezwa, ule moto hauwaki kabisa, hata homoni iwe tele. Wapendwa, jibu la binti wangu ndilo hilo! Adrenalini inapiga hodi nje ya seli, na ndani kila kitu kipo tayari, ni kuwasha tu. Homoni ya thairoidi inaagiza vitu ambavyo bado havijatengenezwa. Ni tofauti ya kuwasha taa na kujenga nyumba. Ongeza na hili: thairoksini hukaa kwenye damu muda mrefu, nusu yake hupungua baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo mtu anayeanza vidonge huchukua wiki kadhaa hata kufikia kiwango kinachotakiwa.

Miaka ya 1970 mambo yakaongezeka. Bert O'Malley na wenzake Marekani walionyesha kwamba ukimpa kifaranga estrojeni, anaanza kutengeneza kwa wingi RNA ya protini ya ute mweupe wa yai, wakati yai lenyewe hana habari nalo. Jack Oppenheimer naye mwaka 1972 akaonyesha kwamba T3 inashikiliwa na kitu ndani ya kiini. Lakini hicho kipokezi chenyewe kilikuwa adimu mno kwenye seli, hakishikiki.

Mpaka mwaka 1985. Kundi la Ronald Evans, Salk Institute, California, likaipata jeni ya kipokezi cha glukokotikoidi, yaani kipokezi cha kotisoli na dawa kama prednisoloni. Mwaka 1986 Pierre Chambon na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, wakaeleza mpangilio mzima wa kipokezi cha estrojeni. Wakaviweka viwili hivyo pamoja, vinafanana kama ndugu. Na walishtuka kuona vinafanana pia na jeni iliyokwishajulikana kwenye virusi vya saratani ya damu ya kuku, erbA. Ndugu wa tatu huyu anapokea nini? Mwishoni mwa 1986 makundi mawili, la Evans na la Björn Vennström wa Ulaya, yakatoa jibu kwenye toleo lilelile la jarida la Nature: anapokea homoni ya thairoidi.

Mnaona kilichotokea? Homoni mbili zisizofanana hata kidogo, moja ya mafuta na moja ya ayodini, zinasomwa na vipokezi vya ukoo mmoja. Leo tunajua binadamu ana vipokezi 48 vya ukoo huo, kikiwemo cha vitamini D. Kendall alishika thairoksini kwa mkono mmoja na kotisoni kwa mkono wa pili maisha yake yote, na alifariki mwaka 1972 bila kujua kwamba ni za ukoo mmoja.

Jinsi vinavyofanya kazi, nitasema kwa kifupi mwenye mtihani adese hapa. Steroidi inapenya utando wa seli kwa sababu utando ni mafuta na yenyewe ni jamaa wa mafuta. Homoni ya thairoidi huvushwa na protini maalumu. Kipokezi cha kotisoli hukaa nje ya kiini, kimeshikiliwa na protini nyingine. Kikipata homoni yake kinaachiliwa, kinaingia kwenye kiini na kukaa juu ya DNA mahali penye alama yake. Kinashika DNA kwa vidole viwili, kila kidole kimekunjwa kuzunguka atomi ya zinki. Kipokezi cha thairoidi chenyewe mara nyingi kipo tayari juu ya DNA, hata kabla homoni haijaja, na hapo hakikai bure: kimeita protini za kufunga, zinaizuia jeni isisomwe. T3 ikifika kipokezi kinabadilika umbo, wafungaji wanaondoka, wanakuja wafunguaji, jeni inasomwa. Hao wafungaji na wafunguaji walianza kutambuliwa mwaka 1995. Mwaka 2004 Chambon, Evans na Jensen walipewa tuzo ya Lasker. Jensen alifariki 2012, miaka 54 baada ya kile kikao cha watu watano.

Sasa dada zangu wa hostel, naomba hapa mnisikilize. Mkorogo. Nyingi ya zile krimu za kung'arisha zina steroidi kali, clobetasol na jamaa zake, na kwa vipodozi zilishapigwa marufuku nchini. Ukijipaka usoni haikai juu kama poda. Inapenya, inapata kipokezi, inakwenda kwenye jeni. Inafunga jeni za uvimbe, ndiyo maana siku za kwanza chunusi zinatulia na unajiona mzuri. Lakini inapunguza na zile za kolajeni, inayoshikilia ngozi. Ngozi inakonda, mishipa inaonekana, michirizi haitoki tena. Rafiki yangu mmoja wa karibu yuko hapo sasa hivi, na kila akijaribu kuacha uso unawaka moto anarudia. Kama ni wewe, usipambane peke yako chumbani, nenda kwa daktari wa ngozi. Na anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu asiache ghafla, maana tezi zake za juu ya figo zimelala, na kuamka kwake nako ni kwa polepole. Steroidi siyo adui. Juni 2020 majaribio ya Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ya ukoo huohuo, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Tatizo ni kuamuru jeni zako bila kujua unaamuru nini.

Wiki ya mwisho ya TP nikarudi kwa bibi. Nikamweleza nilivyoweza, kwa Kiswahili na vineno vyangu vichache vya Kibena vinavyomchekesha. Nikamwambia mvua za milimani zinaosha madini joto ardhini, kwa hiyo yanakosekana kwenye mahindi na mboga, na mama asipoyapata, tezi inavimba. Nikamwambia na lile gumu: mtoto aliye tumboni anajenga ubongo na masikio yake kwa kufuata maagizo ya homoni hii, na miezi ya mwanzo anategemea ya mama. Isipokuwepo, kurasa nyingine hazifunguliwi kwa wakati, na wakati huo haurudi. Nikasema, bibi, mjomba hakuna daktari aliyempima, kwa hiyo mimi siwezi kuapa. Lakini maeneo yenye rovu watoto wa namna yake walizaliwa wengi, dunia nzima, Uswisi kwenye milima yao, India, hapa kwetu.

Bibi alikaa kimya muda mrefu, anachochea moto. Halafu akauliza, "Kwa hiyo haikuwa kwa sababu niligombana na mama mkwe?" Nikamwambia hapana bibi, haikuwa hivyo. Akasema kumbe. Baadaye akasema vidonge vya mafuta vya madini joto vilipoletwa kijijini, yeye alishamaliza kuzaa, na wadogo zake waliozaa baadaye watoto wao ni wazima wote. Akainuka kwenda kuangalia kuku. Mimi nilibaki pale jikoni nalia, na msiniulize ni moshi au ni nini.

Jumatatu yake nikaingia darasani, nikasema kabla hata ya salamu kuisha: wiki zile nilijibu swali la mwenzenu vibaya, fungueni madaftari. Nikachora buu la Chironomus, panya wa Tata, mlango wenye hodi na mlango usio na hodi. Yule binti akakata ile sentensi yenye mstari mwekundu kwa rula, taratibu. Halafu akanyoosha mkono tena. "Madam, sasa kama seli zote zina jeni zilezile, kwa nini estrojeni inaikamata mfuko wa uzazi na siyo misuli? Nani aliamua kipokezi kikae wapi?"

Safari hii nilisema, "Sijui vizuri, nipe mpaka Jumatano." Darasa lilicheka, na yeye alicheka pia.

Basi ndiyo hivyo wapendwa. Nimerudi Dar, bumu bado, joto limenipokea kwa mikono miwili. Mnaoshinda mnanunua chumvi ya kupima isiyo na madini joto kwa sababu ni nafuu kidogo, acheni. Na wale mnaokwenda TP mwakani, chukueni sweta na ujasiri wa kusema sijui. Tuonane kafteria, chai juu yenu maana mimi sina hata mia.